Msitu wa familia: ni sera ipi hasa humfanya mwenye miti akate kabla ya wakati?

Kivuli cha Mvule

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba tulichambue hili bila siasa. Karibu kila serikali husema inataka watu binafsi wapande miti na kuitunza. Serikali hiyohiyo ina kodi ya ardhi, vibali vya kuvuna, orodha ya miti na ndege wanaolindwa, ruzuku zenye masharti, na sheria ya mirathi ambayo aliyeiandika hakuwa na miti akilini. Nazungumzia msitu wa familia: hekta tano, ishirini, hata mia, mali ya mtu na nduguze. Kampuni zenye mawakili wao tuziache.

Nataka kuelewa mambo matatu. Kati ya kodi, vibali na ruzuku, kipi kina uzito zaidi siku mtu anapoamua kuita wenye misumeno? Kwa nini sheria iliyowekwa kulinda msitu wakati mwingine ndiyo inayoumaliza? Na familia ikiletewa mkataba wa ruzuku au wa punguzo la kodi, isome wapi kwanza kabla ya kutia saini?

Mwenye kujua aje na hesabu au na sheria yenyewe. "Serikali iwasaidie wananchi" tumeshaisoma sana.

Mhasibu wa Magogo

Naanza na kodi, kwa sababu hiyo hufanya kazi yake kimyakimya. Watu hubishania asilimia ngapi, kumbe kwenye miti swali la kwanza ni inadaiwa lini.

Chukua kodi ya ardhi ya 1 kwa hekta kila mwaka (fedha yoyote unayopenda), kwenye miti inayovunwa ikiwa na miaka 40. Risiti zitaonyesha umelipa 40. Ila fedha ya mwaka wa kwanza imetoka mfukoni miaka 39 kabla ya gogo la kwanza kuuzwa. Ukiipa riba ya asilimia 5, malipo yote yakifika siku ya kuvuna yana uzito wa karibu 121. Rudia hesabu kwa miti ya miaka 80: kwenye risiti ni 80, uzito wake ni karibu 971. Umri umeongezeka mara mbili, mzigo umeongezeka mara nane. Hakuna ofisa aliyekuja kukuambia ukate mapema, riba imeshakuambia. Anayeumia ni mwenye mbao ngumu zinazokua taratibu. Aliyepanda nguzo za miaka 10 hata hashtuki.

Ushuru wa mavuno hudaiwa siku fedha ziko mkononi, na moto ukipita katikati hudaiwi kitu kwa mti ambao haupo tena. Ubaya wake ni kipimo: lazima mtu apime mita za ujazo, na hapo ndipo udanganyifu huingia, wa pande zote mbili.

Kuna aina ya tatu isiyojulikana sana. Finland, hadi 1993, ilikadiria wastani wa ukuaji wa msitu kulingana na ubora wa ardhi, kisha ikatoza kodi juu ya makadirio hayo. Ukate usikate, unalipa ileile, kwa hiyo gogo la ziada halikuongeza kodi na mwenye miti iliyokomaa alikuwa na kila sababu ya kuvuna. Walipohamia kodi ya mapato halisi ya mauzo waliweka mpito wa miaka 13, hadi mwisho wa 2005. Wapo wanaoona huo ni ulegevu. Mimi naona ndiyo kiwango cha chini: ukigeuza kodi ya miti usiku mmoja, unamnyang'anya aliyepanda kwa hesabu ya zamani.

Marekani nako, kosa ghali kuliko yote halimo kwenye sheria, limo kwenye kabrasha la familia. Tuseme familia imenunua ardhi yenye misonobari, na mthamini akaona tani 2,000 za miti zenye thamani ya dola 40,000, mbali na ardhi. Hiyo 40,000 ndiyo gharama ya msingi ya miti. Baadaye miti imekua hadi tani 2,500, nao wanauza tani 600 kwa dola 30, mauzo 18,000. Gawanya 40,000 kwa 2,500 upate dola 16 kwa tani. Zidisha kwa 600 upate 9,600. Hiyo inatolewa, kodi inaangukia 8,400. Familia isiyotenganisha ardhi na miti tangu mwanzo hujikuta inalipa kodi ya 18,000 nzima. Aliyerithi, msingi wake ni thamani ya soko ya siku aliyofariki mwenye mali, kwa hiyo mthamini aitwe mapema, wakati ujazo wa siku ile bado unaweza kukisiwa kwa uhakika. Gharama za kupanda upya nazo zina nafasi yake: hadi dola 10,000 kwa mwaka hutolewa moja kwa moja, zinazobaki husambazwa kwa miezi 84. Ni wengi wasioidai.

Kipenyo 130

Hesabu ya mkuu hapo juu naikubali, ila kodi mtu huizoea. Kinachomaliza msitu ndani ya wiki moja ni hofu.

Tuanze na msandali. Katika Mysore, ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Karnataka nchini India, ulitangazwa mti wa kifalme mwaka 1792 chini ya Tipu Sultan, na serikali zilizofuata ziliushikilia vivyo hivyo. Ukiota shambani kwako, ulinzi ni wako, mti ni wa serikali, na ukiibwa maswali unaulizwa wewe. Unadhani mwenye shamba akiona mche wake unachipua anafanya nini? Anaung'oa ungali na majani manne. Sheria ilibadilishwa 2001, mwenye ardhi akatambuliwa kuwa ndiye mwenye mti.

Kusini mwa Marekani kuna kigong'ota anayechimba tundu la kiota kwenye misonobari hai iliyozeeka, hasa ile ambayo kiini chake kimelainishwa na kuvu. Sheria ya 1973 ya viumbe walio hatarini inamlinda. Sasa angalia mtego: anayeacha miti ifike umri huo ndiye anayepata mgeni na vizuizi vyake. Anayekata kila baada ya miaka 30 hapati ndege wala barua. Utafiti uliofanywa North Carolina ulionyesha kuwa miti iliyo karibu na makundi ya ndege hao ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukatwa, na kukatwa ikiwa michanga. Na hakuna aliyevunja sheria.

Dawa yake ilianzia hukohuko, eneo la Sandhills, mwaka 1995. Makubaliano yanakwenda hivi: siku ya kusaini, makundi ya ndege yaliyomo kwenye ardhi yako yanahesabiwa. Tuseme ni mawili. Hayo mawili ndiyo msingi, unayalinda. Wewe unakubali kuchoma nyasi na vichaka kwa moto wa kupangwa na kuacha miti mikubwa. Makundi yakifika matano, yale matatu ya ziada hayakufungi. Baadaye unaweza kurudi kwenye msingi wa mawili bila kushtakiwa. Mzazi wa sera hii alielewa kitu kimoja: mtu hamchukii ndege, anachukia kutojua kesho ataambiwa nini. Mwaka 2024 ndege huyo alishushwa daraja moja la hatari, kwa juhudi nyingi, hii ikiwamo.

Tena kuna vichekesho vya tafsiri. Sheria ya misitu ya India ya 1927 iliuweka mwanzi kwenye fungu la "mti". Mpaka 2017 ndipo mianzi inayokuzwa nje ya misitu ilipoondolewa kwenye fungu hilo. Mwanzi ni nyasi, jamani, lakini kwa miaka 90 kuukata na kuusafirisha kulivutwa na kanuni za magogo.

Kuhusu vibali, tofauti kubwa ni kati ya kuomba ruhusa na kutoa taarifa. Sweden, ukitaka kukata eneo la kuanzia nusu hekta unatoa taarifa wiki 6 kabla. Finland ni siku 10 kabla. Muda ukipita bila kuzuiwa, unaingia na msumeno. Penye ruhusa ya maandishi isiyo na tarehe ya mwisho ya kujibiwa, mwenye msitu hukosa mnunuzi, hukosa msimu wa ukavu, magogo yanabuma. Finland pia, katika marekebisho ya 2014, ilifuta masharti ya umri na kipenyo ambacho mti lazima ufikie kabla ya uvunaji wa mwisho, na ikaruhusu msitu wa miti ya umri mchanganyiko. Mwenye kutaka kuvuna kidogokidogo bila kufyeka akapata njia halali.

La mwisho, kingo za mito. Kanuni ya upana mmoja kwa wote inaonekana ya haki mpaka uchore ramani. Kiwanja cha mita 200 kwa 500 ni hekta 10. Kijito kikipita katikati kwa urefu, na kanuni ikitaka mita 30 kila upande usikate, hesabu ni mita 60 mara 500, yaani hekta 3. Asilimia 30 ya msitu imekwenda. Mwenye hekta elfu anaweza kupoteza mita za mraba nyingi zaidi, lakini kwa asilimia hata haoni. Jimbo la Washington lililiona hilo katika sheria yao ya 1999: wenye misitu midogo wanaweza kuingia makubaliano ya miaka mingi, serikali ikafidia sehemu ya thamani ya miti wanayoiacha kandokando ya mto.

Msumeno Butu

Mmesahau marufuku ya ghafla. Kenya, Februari 2018, uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii ulisimamishwa kwa siku 90. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, na kuondolewa kukatangazwa Julai 2023. Kwenye karatasi mwenye miti yake shambani hakuguswa.

Lakini kiwanda cha mbao hakifungi kwa sababu ya karatasi. Kikikosa gogo la serikali kinabisha hodi kwa jirani, na bei inayotajwa kwa mti wa miaka 12 inamtosha mwenye ada za shule, ijapokuwa mti ulipaswa kufika 25. Aliyekataa akangoja, siku marufuku inapoondolewa anakutana sokoni na mrundikano wa magogo ya umma. Mwenye subira ndiye aliyepigwa. Kwa hiyo mkiuliza sera ya misitu ya watu binafsi, tazameni pia sera ya msitu wa serikali ulio ng'ambo ya barabara.

Kivuli cha Mvule

Kipenyo, hiyo ya hekta 3 kati ya 10 imenigusa, sikuwahi kuiona kwa asilimia. Msumeno, nimekupata. Bado swali la mkataba, mwenye nalo?

Wino Mwekundu

Mkataba wa msitu husomwa kutoka nyuma. Anza na kifungu cha kujitoa, ndipo urudi kwenye zawadi.

Mfano mzuri ni wa jimbo la Wisconsin, sheria yao ya misitu inayosimamiwa. Unaingiza ardhi kwa miaka 25 au 50. Kipande kiwe na angalau ekari 20, na asilimia 80 yake iwe na uwezo wa kutoa mbao. Badala ya kodi ya kawaida ya ardhi unalipa kiasi kidogo kwa ekari. Kwa kubadilishana na hayo, kazi za lazima zilizomo kwenye mpango wa usimamizi (kupunguza miti mwaka fulani, kuvuna kipande fulani) si ombi, ni deni. Ukitoka kabla ya muda kuna kodi ya kujitoa. Na makubaliano hufuata ardhi, hayamfuati mtu: mnunuzi anakuta msitu umeshafungwa, naye ama aendelee ama alipie kutoka. Miaka 50 ni zaidi ya kizazi. Babu anasaini, mjukuu ndiye anayepunguza miti.

Ruzuku ya kupanda ina mitego yake. Mkubwa ni haraka. Katika mpango wa shirikisho wa Marekani uitwao EQIP, kazi iliyoanzwa kabla ya mkataba kusainiwa hailipwi, hata iwe nzuri vipi. Miche imefika, mvua zimeanza, mtu anapanda, wiki mbili baadaye saini inatoka: amejilipia mwenyewe. Halafu, kwa kawaida fedha huja kazi ikishakaguliwa, hivyo familia isiyo na akiba ya kulipa kitalu na vibarua haifaidiki, ingawa ndiyo iliyolengwa.

Ukaguzi wenyewe ujue unavyofanyika, uufanye wewe kwanza. Chomeka kijiti katikati, funga kamba ya mita 5.64, zunguka. Duara hilo ni mita za mraba 100, kwa hiyo kila mche hai ulio ndani yake ni miche 100 kwa hekta. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 uliweka miche 1,600. Piga maduara kumi yaliyosambaa, si yale ya kando ya njia tu ambako palilio lilifanywa vizuri. Wastani ukiwa 11, una 1,100 kwa hekta, karibu asilimia 69. Sasa rudi kwenye mkataba: wanataka ngapi, na mwaka wa pili au wa tatu? Mche uliojiotea wenyewe unahesabika? Usipouliza, mkaguzi ataamua akiwa juu ya kisiki chako.

Vifungu vingine vya kupigia mstari: moto, dhoruba na wadudu vinathibitishwa na nani na ndani ya siku ngapi, ruzuku inahesabiwa kuwa mapato ya kutozwa kodi au la, na nani anachagua aina ya mti. Hicho cha mwisho wengi hukidharau. Japani baada ya vita ilihimiza kwa ruzuku kupanda sugi na hinoki (miti ya mbao ya kwao), hata leo misitu ya kupandwa ni takriban hekta milioni 10 kati ya milioni 25 za misitu yote. Mwaka 1964 uagizaji wa magogo kutoka nje ukafunguliwa kikamilifu. Miti ilipokomaa, bei ilikuwa imeshachukuliwa na wengine, na familia nyingi zikaona kupunguza miti kunagharimu kuliko kinachouzwa. Msitu usiopunguzwa husongamana, miti inakuwa myembamba kama fito, chini giza tupu, udongo unaoshwa na mvua. Ruzuku ilikuwa imelipia kupanda. Ya mwaka wa 20 haikufikiriwa kwa uzito uleule.

Mikataba ya hewa ukaa (mwenye msitu hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti) ni mada nyingine, ila kwa kuonja tu: kanuni za California zinadai ukaa uliouzwa ubaki msituni miaka 100.

Msimamizi wa Mirathi

Hayo yote yanasubiri swali moja: nani anatia saini? Msitu unaovuka vizazi viwili bila kugawanywa rasmi una wamiliki ambao hawajawahi kuonana. Finland, mali ya marehemu ikibaki bila kugawanywa, maamuzi yanahitaji warithi wote wakubali. Mmoja akigoma, hata kupunguza miti kunakwama. Japani hali ilifika mahali wamiliki hawajulikani, ndiyo maana tangu Aprili 2024 kuandikisha urithi wa ardhi ni lazima ndani ya miaka 3 tangu ujue umerithi, na faini hufika yeni 100,000. Sheria yao nyingine, iliyoanza kutumika 2019, inaruhusu manispaa ipokee usimamizi wa msitu ambao mwenyewe hauwezi.

Marekani tatizo lilikuwa baya zaidi: mtu wa nje ananunua sehemu ndogo ya mrithi mmoja, anakwenda mahakamani, ardhi yote inapigwa mnada. Sheria ya mfano ya 2010, ambayo majimbo kadhaa yameipitisha, inataka kwanza ithaminiwe na warithi wengine wapewe nafasi ya kuinunua sehemu ya anayedai mnada. Na hadi sheria ya kilimo ya 2018 ilipokubali nyaraka mbadala, waliokosa hati safi walikosa namba ya shamba, na bila namba hiyo maombi ya ruzuku hayasogei.

Wanafamilia waandike mapema, mwenye mali akiwa hai: nani peke yake anasaini mauzo ya magogo; asilimia gani ya kila mauzo inatengwa kwa kupanda upya kabla ya mgawo; na anayetaka kutoka alipwe kwa fomula gani. Hicho cha tatu kikikosekana, mrithi mmoja mwenye shida ya fedha hulipwa kwa msumeno. Afadhali alipwe kwa mafungu mpaka mavuno yajayo, kwa bei ya mthamini wa siku aliyotoka.

Kivuli cha Mvule

Shukrani sana wakuu. Dogo la mwisho: siku hizi wanunuzi wanadai ramani ya kiwanja. Simu inatosha?

Kipenyo 130

Kwa magogo yanayoishia soko la Umoja wa Ulaya, kanuni yao ya 2023 inataka majira-nukta (namba za latitudo na longitudo) yenye angalau tarakimu sita baada ya nukta. Kiwanja kinachozidi hekta 4 kinatakiwa mchoro wa mipaka yote, kidogo zaidi nukta moja yatosha. Tarehe ya kuanza imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini tarehe ya ukomo haijasogea: ardhi isiwe imefyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Hifadhini picha na nyaraka zenye tarehe za kabla ya hapo.

Simu itakuandikia tarakimu sita bila aibu, yaani usahihi wa karibu sentimita 11, huku chini ya matawi ikikosea mita 5 hadi 10. Simama kila kona dakika kadhaa, tafuta mwanya wenye anga wazi, upime kwa kamba kutoka hapo hadi kwenye jiwe la mpaka. Zunguka kiwanja kulia, kisha zunguka kushoto, ulinganishe mistari miwili. Ikiachana zaidi ya mita 10 mahali popote, rudia kona hiyo siku nyingine kabla hujampa mnunuzi chochote, kwa sababu mita hizo 10 zinaweza kuwa ndani ya msitu wa jirani.